Ruzuku Si Sadaka: Nani Amevila Vyuo Vyetu vya Kilimo?



Kila mwaka msimu wa bajeti unapowadia, husikika kutoka jukwaani wimbo uleule: serikali itatoa ruzuku ya kuimarisha vyuo vya kilimo, vijana watafunzwa, taifa litalishwa. Makofi hupigwa, magari makubwa huondoka, vumbi hutulia. Mwaka hupita, na hakuna kiongozi anayerudi kutueleza fedha zile ziliingia chuo gani, zilinunua nini na zilimfunza nani. Nasi wakazi wa Kaloleni, Makongeni, Bahati, Jericho, Umoja, Kayole na Dandora tumezoea kudhani kwamba jambo hilo ni la watu wa mashambani. Jembe liko huko. Sisi huku tuna matatu, kibanda na kodi ya nyumba.

Makala haya yanakusudia kuuvunja usingizi huo. Tunasema kwamba vyuo vya kilimo vya nchi hii ni mali ya umma; kwamba vimeliwa kimoja baada ya kingine mchana kweupe; na kwamba ruzuku isiyolindwa na sheria wala kukaguliwa na wananchi hubaki kuwa zawadi ya mtawala, naye huitoa apendapo na kuipokonya apendapo. Waathiriwa wa kwanza wa ulaji huo tunaishi hapa Eastlands.

Tuanze na sahani. Mwaka 2004 watu 125 walikufa, wengi wao katika wilaya za Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini. Hawakuuawa na risasi wala na ukame. Waliuawa na ukungu unaoota katika mahindi yaliyovunwa na kuwekwa kabla hayajakauka sawasawa. Dawa ya msiba huo ni maarifa: kuvuna kwa wakati, kukausha juu ya turubai wala si juu ya udongo mtupu, kupima unyevu, kuweka ghala penye hewa. Maarifa hayo humfikia mkulima kwa miguu ya mtu, yaani afisa wa kilimo aliyefunzwa, anayejulikana kijijini na kuaminiwa. Je, alikuwa wapi mtu huyo mwaka 2004?

Asiwepo wa kutuambia kwamba hayo yalikuwa ya Ukambani. Mwezi wa Novemba 2019 shirika la serikali la kukagua ubora wa bidhaa lilipiga marufuku aina tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumu hiyohiyo. Unga huo ulikuwa madukani, katika pakiti zenye picha nzuri. Mama wa Mathare au Kariobangi hana maabara jikoni. Hutegemea kwamba mahali fulani, mbali na sufuria yake, kuna mtu aliyesomea kazi hiyo na kuifanya. Chuo kikifungwa Embu au Kilifi, madhara yake hupanda lori na kushuka Marikiti.

Sasa tuitazame historia, maana asiyejua alikojikwaa hujikwaa tena palepale.

Tarehe 24 Aprili 1954, wanajeshi wa Mwingereza waliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil. Mitaa yetu hii ya Mashariki ilipekuliwa chumba kwa chumba. Maelfu kwa maelfu walipakiwa malorini na kupelekwa Lang'ata, Manyani na Mackinnon Road. Mwaka uleule wa 1954 serikali ya kikoloni ilitangaza Mpango wa Swynnerton, uliopewa jina la afisa wa idara ya kilimo aliyeuandika, na Uingereza ikaahidi takriban pauni milioni 5 za kuendeleza kilimo cha Mwafrika: kahawa, chai, ng'ombe wa maziwa, hatimiliki za ardhi na maafisa wa kuwafunza wakulima. Kwa mkono mmoja seng'enge, kwa mkono wa pili ruzuku. Mpango ule ulikiri wazi kwamba mwenye bidii atapata ardhi zaidi na mnyonge ataikosa, na ukaliona jambo hilo kuwa hatua ya kawaida ya maendeleo. Walioikosa walikwenda wapi? Wengi walikuja hapa. Babu na nyanya za wengi wetu waliingia Eastlands kwa mlango huo.

Hilo ndilo somo la kwanza. Hakuna ruzuku ya kilimo isiyo na siasa ndani yake. Kila shilingi huchagua nani atafunzwa na nani ataachwa, nani atamiliki na nani atahama. Kwa hiyo anayetuambia kwamba mambo ya vyuo vya kilimo ni ya wataalamu tu, ya wananchi si yao, anatuomba tuwaachie wengine watuchagulie.

Uhuru ulipokuja, tulirithi vyuo. Bukura, katika Kakamega, kilikuwa kikiwafunza Waafrika kilimo tangu miaka ya 1920. Egerton, pale Njoro, kilianzishwa 1939 kwa ajili ya wana wa walowezi, kisha kikawa cha wote. Embu ilikuwa na taasisi yake ya kilimo, Kilifi nayo ikapata yake. Ukambani, wananchi walijenga Taasisi ya Kilimo ya Ukamba kwa harambee, kwa senti za wauza mayai na walimu wa shule za msingi. Vyuo hivyo vilitoa watu wa cheti na stashahada: wenye matope kwenye viatu, wanaojua kumzalisha ng'ombe usiku na kumwonyesha mkulima ugonjwa wa jani kabla shamba zima halijaungua.

Vimekwenda wapi? Egerton kilifanywa chuo kikuu 1987. Taasisi ya Kilifi ilifanywa chuo kikuu kishiriki 2007, na leo ni Chuo Kikuu cha Pwani. Taasisi ya Ukamba ilifuata 2008, na leo ni Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya. Taasisi ya Embu ilifuata 2011, na tangu 2016 ni Chuo Kikuu cha Embu.

Hatuvipingi vyuo vikuu. Watoto wetu wanasoma humo, na humo kilimo bado hufundishwa na utafiti hufanyika. Tunachouliza ni hiki: kila mara nchi ilipohitaji chuo kikuu, kwa nini chuo cha kilimo ndicho kilichochinjwa? Majengo yalikuwapo, mashamba yalikuwapo, mifugo ilikuwapo. Ikawa rahisi kwa mwanasiasa kubadilisha kibao cha langoni na kuwaambia watu wa eneo lake kwamba amewaletea chuo kikuu. Lakini kazi ya kumfunza mtu wa cheti na wa stashahada haikujengewa nyumba nyingine ya kiasi kile kile. Nyumba ya jirani imechukuliwa ili kumjengea mgeni, na mwenyewe ameambiwa ashukuru kwa sababu mtaa umepata ghorofa.

Bukura haikumezwa. Ilipewa sheria yake mwaka 1999 na kufanywa shirika linalojitegemea kwa sehemu. Neno "kujitegemea" lina utamu masikioni. Kwa mtoto wa mkulima maskini lina maana nyingine: karo. Serikali inapopunguza ruzuku na kukiambia chuo kijitafutie, chuo kitamgeukia nani ila mwanafunzi?

Kijana mmoja wa jumuiya yetu alirudi nyumbani kutoka katika chuo ambacho hatutakitaja. Tulimuuliza baada ya ibada alichojifunza. Alisema kwamba trekta la mafunzo lilikuwa limeegeshwa chini ya mti bila magurudumu tangu siku aliyofika hadi siku aliyotoka, na kwamba darasa zima lilifunzwa kukama kwa ng'ombe mmoja aliyechoka. "Nina cheti cha mifugo," alisema, "lakini ng'ombe akinipiga teke nitakuwa nimekutana naye kwa mara ya pili." Tulicheka, kisha tukanyamaza. Kijana huyo sasa anauza simu za mkononi.

Na waliofunzwa vizuri walitendwaje? Katika miaka ya 1980 na 1990, kwa mikopo ya Benki ya Dunia, serikali iliendesha mpango mkubwa wa ushauri wa wakulima. Fedha nyingi ziliishia katika mishahara na magari, na wakaguzi wa Benki yenyewe baadaye waliona kwamba matokeo yalikuwa madogo na kwamba nchi isingeweza kuuendeleza mpango ule kwa fedha zake. Wakati huohuo yakaja masharti ya kubana matumizi. Ajira za maafisa wapya zikasimamishwa. Waliostaafu hawakujazwa nafasi zao. Waliofariki hawakujazwa nafasi zao. Tuliambiwa kwamba hazina ni tupu. Lakini miaka ileile, kati ya 1990 na 1993, hazina hiyohiyo ilipata mabilioni ya kuwalipa watu wa Goldenberg kwa dhahabu na almasi ambazo nchi hii haikuziuza. Hazina ilikuwa tupu upande wa mkulima tu.

Wala ulaji haukuishia kwenye fedha. Ripoti ya Tume ya Ndung'u kuhusu ugawaji haramu wa ardhi ya umma, iliyokabidhiwa serikalini 2004, ilionyesha jinsi mashamba ya Shirika la Maendeleo ya Kilimo na ya taasisi ya utafiti wa kilimo yalivyogawiwa wakubwa kama maandazi ya sherehe. Chuo cha kilimo bila shamba ni kama kanisa lililouza madhabahu. Mwaweza kuendelea kuimba, lakini mnamwimbia nani?

Watetezi wa hali hii hutuonyesha miradi mikubwa. Tuitazame basi. Mradi wa Galana Kulalu ulizinduliwa 2014 kwa ahadi kwamba mahindi yatafurika, ukameza mabilioni. Mwaka 2017 bei ya unga ilipanda hata serikali ikaagiza mahindi kutoka nje na kuuza pakiti ya kilo mbili kwa shilingi 90, nasi tukapanga foleni madukani kama waombaji. Mwaka 2024 wakulima waliuziwa mbolea bandia katika mpango wa ruzuku wa serikali yenyewe, kupitia maghala ya Bodi ya Nafaka na Mazao. Ruzuku ilikuwapo, magunia yalikuwapo, malori yalikuwapo. Aliyekosekana ni mtu aliyefunzwa, mwenye mamlaka na dhamiri, wa kusimama kati ya gunia na shamba na kusema: hiki si mbolea.

Wengine husema kwamba wafadhili watatusaidia. Ni kweli kwamba walisaidia. Chuo cha Jomo Kenyatta pale Juja kilianza 1981 kwa msaada wa Japani, katika ardhi iliyotolewa na Rais Kenyatta mwaka 1977. Egerton ilipanuliwa kwa misaada ya Marekani. Lakini mwaka 2025 serikali ya Marekani ililivunja shirika lake la misaada, na miradi mingi ya Afrika ikazimika kama taa za mtaa wa Dandora. Wamarekani wenyewe, kwao, hawakutegemea msaada. Sheria ya mwaka 1862 iliyapa majimbo yao ardhi ya umma ili kuanzisha vyuo vya kilimo na ufundi, na sheria ya 1914 ikaweka fedha za kila mwaka za kuwafikia wakulima kutoka katika vyuo hivyo. Waliliandika jambo hilo katika sheria wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, hazina yao ikiwa katika dhiki. Sisi tuna amani, na bado tunaliandika katika hotuba.

Turudi mtaani. Pita kando ya Mto Nairobi ukitoka Gikomba ukielekea Korogocho na Njiru. Utaona sukuma wiki na nduma zikinyweshwa maji meusi. Utaona nguruwe na mbuzi wakila katika jaa la Dandora. Mwaka 2007 shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilitoa ripoti ya uchunguzi uliofanywa karibu na jaa hilo: watoto 328 walichunguzwa, na karibu nusu ya waliopimwa walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kinachokubalika. Vijana wanaolima kando ya mto hawafanyi hivyo kwa uovu. Wanalima kwa sababu wana njaa na ardhi hiyo haina mwenyewe. Kaunti ya Nairobi ilipitisha mwaka 2015 sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini, sheria nzuri kwenye karatasi. Lakini sheria haipimi udongo. Haimwonyeshi kijana wa Kayole jinsi ya kulima mboga katika magunia kwa udongo safi, wala haimwambii ni wapi asilime kabisa. Kazi hiyo yahitaji watu, na watu hao hutoka vyuoni.

Sasa tujibu wanaotupinga.

Wanasema: vijana wa leo hawataki jembe. Tunajibu: vijana hawataki ufukara. Wameona baba zao wakilima miaka thelathini na kuzikwa kwa mchango. Mpeni kijana elimu ya kweli, ng'ombe wa kujifunzia, mtaji mdogo na soko lisilo na madalali watano, kisha mumlaumu.

Wanasema: kilimo ni kazi ya kaunti tangu Katiba ya 2010. Tunajibu: ndiyo, ukulima na ufugaji viko kwa kaunti, lakini sera ya kilimo ya taifa ingali Nairobi, na mfuko mkubwa wa fedha uko Nairobi. Serikali kuu husema kaunti iajiri. Kaunti husema serikali kuu haijaleta fedha. Fahali wawili wakipigana, nyasi zinazoumia ni mkulima na mlaji.

Wanasema: fedha hazipo. Tunajibu: mwaka 2003, Maputo, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo, na mwaka 2014, Malabo, wakairudia ahadi hiyo. Kenya ilikuwa mezani mara zote mbili, na haijaitimiza. Mtu anayeahidi mara mbili na kutotimiza, mtaani kwetu tuna jina lake.

Kwa ndugu zetu wa makanisa tuna neno la pekee. Kanisa halikuketi bure. Chuo cha Kilimo cha Baraka, Molo, cha Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru, kimekuwa kikifunza tangu 1974, na wengi wamepona njaa kwa sababu yake. Tunashukuru. Lakini tusiwe pazia la kuifunika aibu ya serikali. Kila mara tunapochanga sadaka kujaza pengo ambalo kodi yetu ilikwisha kulijaza, tunalipa mara mbili na mwizi analala salama. Yusufu kule Misri hakuwaombea tu wenye njaa. Alisimamia ghala na kuweka hesabu. Nasi tudai hesabu. Mimbari iliyowahi kukemea chama kimoja, wakati kukemea kulikuwa na gharama, haiwezi leo kushindwa kuuliza bei ya unga inatokana na nini.

Kwa hiyo tunadai mambo manne.

Kwanza, ruzuku ya vyuo vya kilimo vya cheti na stashahada iwekwe katika sheria, iwe na fungu lake katika bajeti, isiweze kuhamishwa kwa barua ya katibu wa wizara.

Pili, kusiwe tena na chuo cha kilimo kitakachogeuzwa kuwa chuo kikuu, wala shamba lake kupunguzwa hata ekari moja, bila idhini ya Bunge baada ya kuwasikiliza wananchi.

Tatu, kila chuo kinachopokea ruzuku kitangaze hadharani kiasi kilichopokea, kilichonunua na idadi ya waliofunzwa, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu akague.

Nne, sehemu ya nafasi za masomo na ya karo itengewe watoto wa mitaa ya mabanda, na kila wadi ya Eastlands iwe na afisa wa kilimo cha mjini anayeonekana.

Haya si maombi ya huruma. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora. Njia za kudai ziko wazi, na ni aibu kwetu tusipozitumia. Sheria ya fedha za umma inailazimu Hazina kupeleka Taarifa ya Sera ya Bajeti bungeni kabla ya tarehe 15 Februari, na makadirio ya matumizi kabla ya tarehe 30 Aprili. Kati ya tarehe hizo na kupitishwa kwa bajeti, kamati ya Bunge yapaswa kutusikiliza. Kifungu cha 119 kinampa kila mmoja wetu haki ya kupeleka ombi bungeni. Sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma kujibu swali la raia ndani ya siku 21.

Basi kila jumuiya ndogondogo, kila kikundi cha akina mama, kila chama cha vijana kiandike barua moja na kuuliza: mwaka uliopita vyuo vya kilimo vilipewa kiasi gani, na kimekwenda wapi? Ihesabiwe siku baada ya siku. Wasipojibu, jina la ofisi lisomwe kanisani kama matangazo ya ndoa, ili mwenye pingamizi ajitokeze.

Walioitwa wahaini pale Kamukunji mwaka 1990 walidai haki ya kuwa na chama zaidi ya kimoja. Haki hiyo ilipatikana. Lakini chama kingi juu ya sufuria tupu hakimshibishi mtoto. Mageuzi yaliyoanzia uwanjani hayana budi kufika shambani, chuoni na kwenye daftari la matumizi. Tusiwape usingizi mpaka tuone hesabu.